Hesabu ya Eggington: Je, Mwakinyo Tulimkuza Kupita Kiasi?

Kwanza tuweke hesabu mezani. Septemba 2018, mjini Birmingham, Hassan Mwakinyo wa Tanga alimmaliza Sam Eggington katika raundi ya 2. Machi 2019, mjini Liverpool, Liam Smith alimmaliza Eggington huyohuyo katika raundi ya 5. Kwa hesabu ya kijiweni, aliyetumia raundi 2 ni mkali kuliko aliyetumia 5. Septemba 2022 Mwakinyo na Smith wakakutanishwa, Liverpool, ukumbi uleule ambamo Smith alimpigia Eggington. Raundi ya 4 Mwakinyo akapiga goti, refa akamaliza pambano, na hesabu yetu ikabaki ubaoni bila mtu wa kuifuta.

Asubuhi yake kijiwe cha kahawa kilikuwa kimechangamka kuliko siku ya Simba na Yanga. Watu waliokuwa wakimwita bingwa ajaye wa dunia sasa walikuwa na neno moja tu: vibonde. Alikuwa anapigana na vibonde, rekodi ni ya kupikwa, Birmingham ilikuwa bahati, tulidanganywa. Mzee mmoja akamalizia na mgema na tembo lake, watu wakacheka, kashata zikaliwa.

Mimi sikucheka sana, kwa sababu neno "kibonde" ni rahisi kulitamka na gumu kulithibitisha. Ni shtaka. Na shtaka lina utaratibu wake: unamchukua kila mpinzani, unauliza alikuwa nani siku ile, si mwaka mwingine, alikuwa kwenye uzani gani, pambano lilipigwa kwa nani, na muhimu kuliko yote, baada ya hapo mpinzani huyo alikwenda kufanya nini. Hilo la mwisho ndilo watu wengi hulisahau, maana linadai subira. Rekodi ya bondia haikamiliki siku anaposhinda. Wale aliowapiga wanaendelea kumwandikia wakiwa mbali, wakishinda kwao au wakipigwa kwao.

Basi tuanze na Eggington, maana ndiye shahidi mkuu.

Sam Eggington si bondia wa kutisha ukimtazama. Hana mikono ya haraka, hakwepi sana, anapenda kusimama karibu na kubadilishana ngumi mpaka mmoja achoke. Lakini Machi 2017, kwenye ukumbi wa O2 mjini London, alimwangusha Paulie Malignaggi, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia kwenye uzani mara mbili tofauti, na Malignaggi hakupigana tena pambano la glovu baada ya hapo. Miezi miwili baadaye akachukua mkanda wa Ulaya wa welter kwa kumzimisha Mhispania Ceferino Rodríguez. Kabla ya hapo alishakuwa bingwa wa Uingereza. Kwa hiyo anayesema Mwakinyo alipewa mtu wa kuokoteza Birmingham hajasoma hata ukurasa wa kwanza.

Sasa kuna upande wa pili, nao usifichwe. Oktoba 2017 Eggington aliupoteza mkanda huo wa Ulaya kwa Mfaransa Mohamed Mimoune. Mwaka uliofuata akapanda kutoka welter, kilo 66.7, kwenda super welter, ambayo ni karibu kilo 70. Mwakinyo alimkuta akiwa mgeni kwenye uzani ule, akitafuta kurudi juu. Pambano lao lilikuwa la utangulizi, usiku ambao mwenye nyumba alikuwa Amir Khan. Eggington anatoka Stourbridge, kipande kidogo tu kutoka Birmingham, na tiketi zilikuwa za watu wake. Kijana wa Tanga aliletwa kujaza kona ya pili.

Kila aliyewahi kukaa karibu na masumbwi anaijua kona ya pili. Ni ile ambayo jina linatangazwa kwanza, muziki unakatwa haraka, na mtangazaji anababaika na matamshi. Bondia wa kona hiyo analipwa ili apigwe kwa heshima. Siku ile hakupigwa. Raundi ya pili alimkamata Eggington, akammwagia makonde mfululizo mpaka refa akaingia kati. Hakuna jaji aliyehusika, hakuna mbeleko, hakuna shangazi kwenye meza ya pointi. Ugenini, dhidi ya mtu aliyekuwa na mkanda wa Ulaya mwaka mmoja nyuma, ndani ya raundi mbili. Ushindi wa aina hii haupikwi.

Na Eggington baada ya hapo je? Hapa ndipo ninapompenda kama shahidi, kwa sababu hakustaafu wala hakuporomoka. Smith alimpiga miezi sita baadaye, ndiyo. Lakini mwaka huohuo wa 2019 alikwenda Florence akamzimisha Mwitalia Orlando Fiordigiglio mbele ya watu wake. Agosti 2020 akapoteza kwa pointi kwa Ted Cheeseman baada ya raundi 12 za kuchinjana. Septemba 2021, Coventry, akamshinda Mfaransa Bilel Jkitou katika pambano ambalo ukilitazama na chakula mkononi chakula kinapoa. Mtu huyu hakuwa amekwisha 2018. Alikuwa na miaka mingine kadhaa ndani ya mwili wake. Kila alipompiga mtu, ushindi wa Mwakinyo wa Birmingham ulipanda bei kidogo, ingawa Mwakinyo mwenyewe alikuwa amelala kwake Tanga.

Kwa shahidi huyu, basi, shtaka la vibonde limeanguka. Tatizo linaanza siku ya pili yake.

Baada ya Birmingham, tovuti ya BoxRec ilimrusha Mwakinyo makumi ya nafasi kwa mkupuo na kumweka ndani ya ishirini bora wa dunia kwenye super welter. Magazeti yakaandika, redio zikatangaza, sisi tukaimba. Lakini wangapi tulijiuliza ile namba inatoka wapi? BoxRec haina jopo la wazee wanaokaa na kutazama mikanda ya video. Ni programu. Ukimpiga mtu mwenye pointi nyingi, unachukua pointi nyingi. Mabondia wa nchi moja wakipigana wenyewe kwa wenyewe, pointi zinazunguka humohumo kama hela ya kijiji kisicho na barabara. Ndiyo maana Mtanzania anaweza kushinda mara kumi mfululizo Manzese na Kinondoni na bado akawa wa mia na kitu. Akitoka nje mara moja na kumpiga mtu wa Ulaya, anarudi na gunia la pointi zilizokusanywa na mtu mwingine kwa miaka. Mwakinyo alirudi na gunia la Eggington.

Namba ile haikuwa uongo. Ilikuwa jibu sahihi la swali ambalo sisi hatukuuliza. Programu ilisema: kwa ushahidi mdogo nilio nao, huyu anastahili kuwa hapa. Sisi tukasikia: huyu amebakiza watu kumi na kitu afike kwenye mkanda. Ni kama mwanafunzi aliyepata 95 kwenye jaribio moja la Jumatatu, nyumba nzima ikaanza kumwita daktari.

Ukitaka kuona jambo hili kwa macho, fungua ukurasa wa bondia yeyote kwenye tovuti hiyo. Kwenye mstari wa kila pambano, pembeni ya jina la mpinzani, kuna rekodi yake na vijiboksi sita vidogo vinavyoonyesha mapambano yake sita ya mwisho kabla ya siku ile. Kijani ni ushindi, nyekundu ni kipigo. Mimi huwa sisomi majina kwanza, nateremka na vijiboksi. Bondia anayejengwa taratibu utaona safu za nyekundu kwa wapinzani wake wa mwanzo, kisha kijani inaanza kuongezeka kadiri unavyopanda juu ya ukurasa, maana anapewa watu wagumu zaidi na zaidi. Bondia anayelindwa, nyekundu haiondoki hata afikishe ushindi wa thelathini.

Deontay Wilder wa Marekani aliishi na lawama hiyo kwa miaka. Alifika kwenye pambano la ubingwa, Januari 2015, akiwa na ushindi 32, wote kwa KO, yaani mpinzani hakufika mwisho wa pambano, na wote ndani ya raundi 4. Ukishuka na vijiboksi vya watu wale unaelewa kwa nini wajuzi walikuwa wakikunja uso. Ila hata Wilder ilibidi kumtoa kwenye kapu la "feki" Machi 2018, Luis Ortiz alipomtikisa vibaya raundi ya 7, akabaki amesimama kwa ukaidi tu, kisha akammaliza Ortiz raundi ya 10. Siku ile aliulizwa swali na akajibu. Kupiga vibonde hakumfanyi bondia kuwa kibonde. Kunatunyima sisi njia ya kujua.

Turudi kwa Mwakinyo. Machi 2019 alipanda ulingoni Nairobi, jumba la KICC, usiku ambao Fatuma Zarika alikuwa anatetea mkanda wake wa WBC (moja ya taasisi nne kubwa zinazotoa mikanda ya dunia, pamoja na WBA, IBF na WBO) dhidi ya Mzambia Catherine Phiri. Mwakinyo akapewa Mwajentina Sergio González, akamzimisha raundi ya 5. Ushindi mzuri, ukumbi ulilipuka, Watanzania waliovuka Namanga na mabasi walirudi na sauti zimekauka.

Wiki moja baada ya usiku huo wa Nairobi, Liverpool, kwenye kadi moja, Smith alimpiga Eggington na Scott Fitzgerald akampiga Anthony Fowler. Wote wanne ni super welter. Fitzgerald baadaye mwaka huo akampiga Cheeseman. Cheeseman akampiga Eggington mwaka uliofuata. Fowler akaja kupigwa na Smith mwaka 2021. Unaona kinachoendelea? Waingereza walikuwa wameshusha ngazi, wanapandishana na kuangushana, na kila aliyeanguka aliacha taarifa: huyu anaweza hiki, hawezi kile. Mwakinyo alikuwa ameruka akashika kipandio cha katikati cha ngazi hiyohiyo. Kisha akashuka, akarudi nyumbani.

Simlaumu. Bondia hula pale anapolipwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Mwakinyo angeweza kulipwa vizuri kwao. Promota wa Dar naye ana hesabu zake. Kumleta mtu wa ishirini bora kutoka Ulaya ni gharama ambayo viingilio havirudishi, na anayekubali kuja kwa pesa iliyopo mara nyingi ni yule ambaye kwao simu imeacha kulia. Ndiyo maana kwenye mabango yetu bendera huwa kubwa kuliko rekodi. Mwajentina! Mfilipino! Mnamibia! Taifa linapigana na taifa, na hakuna anayeuliza yule Mwajentina kwao ni wa ngapi. Watu wa Tanga wana msemo wao, waja leo waondoka leo. Uliwafaa wageni wale vizuri sana.

Ila mmoja hakuja kuondoka tu.

Novemba 2019, Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam. Mfilipino Arnel Tinampay alikuja na rekodi ambayo vipigo vyake vilikaribia kulingana na ushindi wake. Kwenye karatasi huyu ndiye kibonde wa kiwango cha kamusi. Vijiboksi vyake vilikuwa kama taa za breki kwenye foleni ya Ubungo. Watu walikwenda kutazama KO. Walichokiona ni raundi 10 za shida. Tinampay alikuwa anaingia mbele, anapigwa, anaingia tena, kidevu kama jiwe la kusagia, na kadiri raundi zilivyosonga ndivyo Mwakinyo alivyoonekana mtu anayetafuta kengele. Majaji wakampa Mwakinyo kwa pointi. Minong'ono ilianza kabla watu hawajatoka getini, na haijaisha mpaka leo.

Mimi sitaki kuingia kwenye ugomvi wa majaji. Hata ukimpa Mwakinyo raundi zote zilizokuwa na utata, pambano lile lilisema jambo ambalo Birmingham haikupata nafasi ya kulisema. Eggington alianguka mapema, hivyo hatukujua kama Mwakinyo ana pafu la raundi 10 kwenye shinikizo, kama ana mpango wa pili ngumi zake zinapotua na mtu hatikisiki, kama anajua kupumzika akiwa kwenye kamba. Tinampay, na rekodi yake ya taa za breki, ndiye aliyeuliza maswali hayo yote kwa mpigo. Hapo ndipo mtu anayehesabu vibonde kwa kuangalia idadi ya vipigo anapojikwaa: mpinzani mwenye vipigo zaidi ya ishirini alitufunza kumhusu Mwakinyo kuliko mwenye mkanda wa Ulaya. Kuna mabondia duniani wanaoishi kwa kazi hiyo. Wanapoteza kwa pointi ugenini, hawaanguki, wanawafikisha vijana wa watu raundi ambazo hawajawahi kufika. Kocha mwenye akili anawatafuta watu hao kwa mwanaye. Promota mwenye haraka anawakimbia.

Baada ya Tinampay, kama kweli mipango ilikuwa ni mkanda wa dunia, kilichohitajika kilikuwa Tinampay wengine wawili au watatu, wa viwango vya kupanda. Kilichofuata ni Mwajentina José Carlos Paz, Novemba 2020, Masaki, kwisha raundi ya 4. Na mwaka 2021, jina kubwa: Julius Indongo.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu pambano la Indongo ndilo watu wengi walilitaja kama uthibitisho, na kwangu ndilo lililokuwa na bei ya kupachikwa kuliko yote.

Indongo wa Namibia ni hadithi nzuri yenyewe. Alipigana Olimpiki ya Beijing 2008. Desemba 2016 alikwenda Moscow, kona ya pili kama Mwakinyo pale Birmingham, akamzimisha bingwa wa IBF Eduard Troyanovsky kwa ngumi moja ya kushoto, sekunde 40 tu tangu kengele. Aprili 2017 akaenda Glasgow akamvua Ricky Burns mkanda wa WBA kwa pointi. Agosti mwaka huohuo, akiwa hajapoteza hata pambano moja, akakutana na Terence Crawford huko Lincoln, Nebraska, mikanda yote minne ya light welter ikiwa mezani. Crawford alimpiga ngumi ya mwili raundi ya 3, Indongo akajikunja sakafuni. Machi 2018 Regis Prograis akammaliza raundi ya 2.

Sasa soma tena ukiwa na kalenda na mizani. Mwakinyo alimpiga Indongo Septemba 2021, raundi ya 4, Dar es Salaam. Indongo alikuwa na miaka 38. Ile miezi minane ya utukufu wake ilikuwa imepita miaka minne nyuma. Na utukufu wenyewe aliupata kwenye kilo 63.5, wakati pambano la Dar lilikuwa super welter, kilo sita na ushee juu. Jina lilikuwa la bingwa wa dunia. Mwili uliopanda ulingoni ulikuwa wa mtu mwingine, mwenye mguu mzito na kiuno cha miaka 38. Bango halikusema uongo, maana kweli aliwahi kuwa bingwa. Lakini jina la bondia ni kama noti ya zamani: picha ni ileile, dukani haipokelewi.

Linganisha na Eggington. Ukiwataja wawili hawa mbele ya mtu asiyefuatilia, atakwambia kumpiga Indongo ni jambo kubwa zaidi, kwani huyu alikuwa na mikanda ya dunia na yule hakuwahi. Mimi nageuza hesabu hiyo. Nampa Eggington robo tatu ya sifa zote za Mwakinyo, Tinampay namwachia maswali yake, na Indongo nampa nauli ya kurudi Windhoek.

Kwa hiyo Mwakinyo alipoingia Liverpool akiwa na ushindi 20 na vipigo 2, swali halikuwa kama anajua kupigana. Swali lilikuwa hili: katika miaka minne iliyopita, nani alimwandaa kwa mtu kama Smith?

Na Smith ni nani? Kijiweni walimzungumza kama Mwingereza yeyote. Liam Smith alikuwa bingwa wa WBO wa super welter kuanzia 2015. Mwaka 2016 Canelo Álvarez alihitaji raundi 9 na ngumi ya ini kumtoa. Mwaka 2018 alimaliza raundi zote 12 na Jaime Munguía huko Las Vegas. Aprili 2022, miezi michache kabla ya Mwakinyo, alimsimamisha Jessie Vargas raundi ya 10 kwenye Madison Square Garden. Kazi yake ni kukusogelea polepole, mikono juu, anakupiga mbavu mpaka mikono yako ishuke yenyewe. Ni Tinampay aliyesoma mpaka chuo kikuu, tena mwenye ngumi.

Mwisho wa pambano unajulikana. Mwakinyo mwenyewe alieleza kuwa mguu ulimsumbua na kwamba viatu alivyovaa havikuwa vile alivyovizoea. Wapo waliomwelewa, wapo waliomkejeli. Mimi habari ya viatu siitumii kumtetea wala kumshtaki, kwa sababu raundi tatu za kabla ya goti zilishaonyesha mwelekeo: mtu mmoja alikuwa anasogea, mwingine anarudi.

Lakini subiri, maana tulikubaliana kwamba wapinzani huendelea kukuandikia rekodi. Januari 2023, miezi minne na nusu baada ya kumpiga Mwakinyo, Smith alipanda uzani akakutana na Chris Eubank Mdogo mjini Manchester. Eubank alikuwa hajawahi kusimamishwa na mtu yeyote. George Groves na Billy Joe Saunders walimshinda kwa pointi tu. Smith alimwangusha mara mbili na kummaliza. Raundi ya ngapi? Ya 4. Ileile.

Siku ile nilitamani kijiwe kizima kiitwe tena. Wale waliosema "raundi ya 4 tu!" kana kwamba ni aibu ya taifa wangesemaje sasa? Ni kweli Eubank alirudi Septemba mwaka huo akalipa kisasi raundi ya 10, na Smith naye akaonekana ana umri. Lakini Smith wa kipindi kile, kati ya Aprili 2022 na Januari 2023, alikuwa kwenye ubora wake. Kipigo kutoka kwake kilikuwa na bei ndogo kuliko tulivyokipa. Kama vile ushindi juu ya Indongo ulivyokuwa na thamani ndogo kuliko tulivyoupa. Tulikosea pande zote mbili, na makosa yote mawili yana mzizi mmoja: tulisoma jina na raundi, hatukusoma mtu.

Hapa katikati niseme kitu kuhusu Karim Mandonga, maana kijiweni humchanganya na mada hii kila mara. Mandonga alipata kelele kuliko mabondia wote wa kizazi chake, akazipa ngumi zake majina, akapigwa, akashinda, akapigwa, watu wakajaa. Kelele nyingi si sawa na kukuzwa kupita kiasi. Hakuna aliyewahi kuweka fedha kwamba Mandonga atachukua mkanda wa WBC. Ili bondia akuzwe kupita kiwango lazima kwanza kuwe na dai kuhusu kiwango. Mandonga alidai kuchangamsha, na alichangamsha. Tumpe maua yake tuendelee.

Hukumu yangu juu ya Mwakinyo basi ni hii, na anayeikataa aje na kalenda na mizani yake. Kati ya Septemba 2018 na Septemba 2022 tulimkuza. Si kwa sababu alipiga vibonde watupu, bali kwa sababu tulichukua usiku mmoja wa kweli tukauchapisha nakala mara nne, na kila nakala tukaihesabu kama usiku mpya. Kiwango chake halisi, kwa ushahidi uliopo, kilikuwa humo ndani ya kundi la Eggington, Cheeseman, Fowler na Fitzgerald: watu wa mikanda ya Uingereza na Ulaya, ambao usiku wao ukiwa mzuri wanampiga yeyote asiye bingwa. Hicho si kiwango cha kudharau. Ni Watanzania wachache mno waliowahi kufika hapo. Baada ya Liverpool tukamshusha chini ya kiwango hicho kwa hasira zilezile tulizompandisha nazo. Na kama ningeulizwa Januari 2019 apewe nani, ningeandika majina matatu kwenye karatasi ya kahawa: Fitzgerald, Fowler, Cheeseman. Angeweza kupoteza mawili kati ya hayo matatu, na bado angeingia kwa Smith akiwa bondia bora kuliko alivyoingia na ushindi 20.

Januari 2024 alipanda ulingoni Zanzibar, kwenye Amaan iliyofanyiwa ukarabati, akampiga mpinzani wake kwa mkanda wa WBO Afrika. Asubuhi yake kijiweni kijana mmoja aliniona na simu, nateremka na vijiboksi.

"Vipi, na huyu kibonde?"

Nikamwambia sijui bado, tumsubiri mpinzani huyo apigane tena mara mbili tatu. Akaniangalia kama mtu aliyeomba kahawa kwa mkopo.